Hivi uhalifu Dar umeongezeka kweli, au ni masikio yetu ndiyo yamekuwa marefu?

Kaunta Buku (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa mmoja huku Kinondoni, kamati ya ulinzi na usalama. Mtaa sitautaja, msinitafute. Mwezi uliopita tulihamisha ofisi, na ndani ya kabati la chuma ambalo funguo yake ilipotea enzi na enzi nikakuta kaunta buku nne za matukio. Ya zamani kabisa inaanzia 1998. Mwandiko ni wa marehemu mzee mmoja aliyekuwa katibu, wino wa bluu, herufi zimesimama kama za mwalimu wa darasa la kwanza. Nimezisoma usiku tatu mfululizo, mke wangu akadhani nina kesi.

Sasa kilichonileta. Jumapili tulikuwa na mkutano wa mtaa. Kila aliyeshika kipaza sauti aliimba wimbo mmoja: siku hizi kumeharibika, zamani tulikuwa tunalala milango wazi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akalisema hilo kwa uchungu mpaka kina mama wakaguna. Nikanyamaza. Ukurasa wa Juni 1999 una jina la mzee huyohuyo: kaibiwa redio kaseti na jozi mbili za viatu, wezi wamepiga mlango na fatuma. (Kwa vijana: fatuma ni lile jiwe kubwa la kuvunjia mlango. Tulilizoea mpaka likapewa jina la mtu.)

Ukisoma zile kurasa mfululizo unaona mji unavyobadilika kwa vitu vinavyoibwa. Mwanzoni ni nguo kwenye kamba, kuku, masufuria, redio, baiskeli. Kuna wale waliopitisha fimbo dirishani usiku, wanachana wavu na kuvuta suruali msumarini pamoja na mshahara uliomo mfukoni. Baadaye zinaingia deki na televisheni za chogo. Halafu simu. Halafu mitungi ya gesi, bodaboda, vioo vya pembeni vya magari. Kuku wanatoweka kabisa kwenye daftari, sijui ni wezi wameacha au ni sisi tumeacha kufuga.

Kuvunja nyumba usiku watu wakiwa ndani, kwa fatuma na mapanga, kumejaa sana kwenye daftari la kwanza na la pili. La mwisho ni jembamba. Sasa nauliza bila kejeli: kama daftari linapungua na hofu inapanda, nani muongo?

Ngoja Nikae

Nimevuta kigoda, kahawa na kashata vipo.

Mama Pacha wa Tabata

Muongo ni daftari lako kaka, samahani.

Mwezi wa tano nilikwapuliwa simu nikishuka daladala Tabata Relini, mchana, bodaboda wawili. Umeiandika wapi hiyo? Sikwenda polisi, sikwenda serikali ya mtaa. Niende nikaandikiwe karatasi, nikae benchi nusu siku, nirudi mikono mitupu na nauli imeisha? Ofisini kwetu tuko wanawake saba. Watano wameshakwapuliwa simu au mkoba. Hakuna hata mmoja aliyeripoti.

Halafu kuna jambo ninyi wanaume hamlioni. Mimi nilikuwa nakwenda vikoba saa moja usiku, nimeacha. Nilikuwa natembea kwa mguu kutoka kituoni, sasa nachukua bajaji, elfu mbili kila siku. Dada wa kazi namkataza kutoka dukani giza likiingia. Sasa mtu ambaye hatoki ataibiwa vipi? Umehesabu walioibiwa, hukutuhesabu tulioacha kutoka.

Kaunta Buku

Dada, hapo umenikamata shati. Nakubali.

Ila nikurudishie kidogo. Yule katibu marehemu alikuwa anaandika kila kitu, mpaka ugomvi wa bomba la maji. Watu walimfuata kwa sababu aliishi hapohapo na sungusungu walikuwa wanakusanyika barazani kwake. Leo ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Kwa hiyo wembamba wa daftari una sehemu yako, na una sehemu ya mlango uliofungwa. Hata hivyo, nyumba kuvunjwa na watu kukatwa mapanga haifichiki, hata asiyeripoti anapelekwa hospitali na mtaa mzima unajua. Hilo ndilo ninalosema limepungua hapa kwetu. Simu ya kukwapuliwa inafichika kirahisi.

Mstaafu wa Zamu

Nimevaa kombati miaka 31, nimeng'atuka. Ngoja niwaeleze takwimu zinavyozaliwa, maana wengi mnabishana na kitu msichokijua.

Kila tukio linaanza na RB, ile namba unayopewa kituoni ukisharipoti. Bila RB, kwa serikali halijatokea. Kutoka hapo linapangwa, kosa kubwa la jinai au kosa dogo. Kila mwaka Jeshi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu wanatoa kitabu cha hali ya uhalifu na matukio ya usalama barabarani. Kile kitabu ni hesabu ya milango iliyogongwa. Wasiogonga hawamo.

Makosa ya bangi, gongo na kuingiza magendo yana tabia ya ajabu. Yanapanda OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, akiamua kufanya msako, yanashuka akiwa hana mafuta ya gari. Ukiona bangi imepanda mwaka fulani, usikimbilie kusema wavutaji wameongezeka. Pengine ni askari ndio wametoka nje.

Mfano mzuri zaidi ni madawati ya jinsia na watoto. Yalianza kufunguliwa vituoni mwishoni mwa miaka ya 2000, wakati wa mkuu wa polisi nchini, IGP Said Mwema, huyuhuyu wa polisi jamii na ulinzi shirikishi. Kabla ya hapo mama aliyepigwa na mumewe akija kaunta aliambiwa nenda mkayamalize nyumbani. Dawati likaja, mashtaka yakajaa. Waandishi wakaandika ukatili umeongezeka. Ninavyoona mimi, kilichoongezeka ni kiti cha kukalia mlalamikaji.

Jambo la pili mnalosahau ni watu. Sensa ya 1988 Dar ilikuwa na watu milioni 1.36. Mwaka 2002 karibu milioni 2.5. Mwaka 2012 watu 4,364,541, na 2022 watu 5,383,728. Mji umeongezeka karibu mara nne ndani ya miaka 34. Hata kama kila mtu angekuwa na uwezekano uleule wa kuibiwa kama 1988, matukio unayoyasikia yangekuwa mara nne. Sikio halijui kugawanya kwa idadi ya watu.

Mtoto wa Manzese

Mstaafu umemwaga shule. Hiyo ya sikio kutojua kugawanya nitaitumia kijiweni kama yangu.

Mimi nimezaliwa Manzese, nimesoma Manzese, nimeoa Manzese. Nikimwambia mtu wa Mbezi Beach naishi wapi, anashika simu yake. Kaka, simu yako nimeiona, ni mbovu kuliko yangu!

Kichekesho kiko hapa. Muulize mama yangu, atakwambia "hapa kwetu shwari, hatari ni Tandale". Nenda Tandale, "hapa tunajuana, wabaya ni wa Mburahati". Mburahati watakwambia Gongo la Mboto. Kila mtu kwake salama, majambazi wote wanaishi kwa jirani. Halafu barabara zilipowekwa lami na taa kupitia DMDP, ule mradi wa kuboresha miundombinu ya jiji, vichochoro ambavyo tulikuwa tunavipita mbio vikawa na mama ntilie mpaka saa tano usiku. Lakini mtu wa nje ana picha ya 2003 kichwani, haifutiki.

Pembe za Texas

Mtoto wa Manzese, ugonjwa huo ni wa dunia nzima. Mimi niko Houston mwaka wa 14.

Huku Gallup, kampuni ya kura za maoni, huwauliza Wamarekani kila baada ya muda: uhalifu nchini umezidi kuliko mwaka jana au umepungua? Tangu 1993 karibu kila mwaka wengi wamejibu umezidi. Sasa tazama hesabu za FBI. Makosa ya nguvu, yaani mauaji, ubakaji, unyang'anyi na kujeruhi, yalifikia kilele 1991, zaidi ya 750 kwa kila watu 100,000. Kufikia 2014 yalikuwa yameshuka kwa takriban nusu. New York waliuawa watu zaidi ya 2,200 mwaka 1990, na 2017 hawakufika 300. Karibu miaka yote hiyo ya kushuka, wananchi wengi wanasema kunazidi kuharibika.

Wakiulizwa kuhusu mtaa wao wenyewe, wanaosema hali imezorota huwa wachache zaidi kuliko wakiulizwa kuhusu nchi nzima. Mtaa wako unauona kwa macho. Nchi unaionyeshwa na televisheni, na televisheni ya huku kila jioni inaanza na utepe wa manjano wa polisi.

Ila nisiwadanganye kwamba wananchi hukosea siku zote. Mwaka 2020 mauaji yalipanda karibu asilimia 30 kwa mwaka mmoja, haujawahi kuonekana mruko wa namna hiyo kwenye kumbukumbu zao. Aliyeogopa mwaka ule alikuwa na haki yake.

Kisu Kimegusa Mfupa

Takwimu za Marekani tunazipokea. Haya mleta uzi, Panya Road, yale makundi ya vijana waporaji, nao walikuwa masikio marefu?

Kaunta Buku

Nilijua swali hili litakuja, nimekaa nalo tangu asubuhi.

Ijumaa tarehe 2 Januari 2015 nilikuwa Sinza, kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Simu ya kinyozi ikalia, akasikiliza, akazima mashine. "Panya Road wako Mwananyamala wanakuja huku." Mwenye duka la jirani akashusha geti. Ndani ya dakika kumi barabara ilikuwa ya watu wanaokimbia, na kilichonishangaza ni kwamba walikuwa wanakimbia pande zote mbili. Wa huku wanakimbilia kule, wa kule wanakimbilia huku. Nikapiga simu nyumbani, wakaniambia wako mtaani kwetu. Shemeji akapiga kutoka Tabata, wako Tabata. Magomeni wako. Jeshi la watu kiasi hicho lingehitaji malori.

Baadaye ikaeleweka kwamba chanzo ni kundi la vijana waliotoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi. Vurugu na uporaji kweli vilikuwepo maeneo fulani. Kilichoenea mji mzima kilikuwa simu na WhatsApp. Kamanda Kova wa polisi Dar akatoka kutuliza watu, siku zilizofuata vijana wakakamatwa kwa mamia. Nilifungua daftari kuona mtaa wetu usiku ule uliandika nini. Kuna mistari miwili: mama mmoja aliumia mguu akiruka ukuta, na mtoto wa miaka sita alipotea akapatikana kwa jirani saa nne usiku. Panya Road hawakufika.

Mimi nilirudi nyumbani na nusu kichwa.

Mkazi wa Kawe

Umechekesha kaka, lakini simulia na upande wa pili. Septemba 2022 sisi huku Kawe hatukusikia kwenye WhatsApp. Waliingia nyumbani kwa watu usiku na mapanga, wakajeruhi, na binti mwanafunzi wa chuo akauawa. Mimi nilikwenda msibani. Wiki ile watu walilala wanaume nje, wanawake ndani, kila nyumba na rungu. Ukimwambia mama wa pale kwamba kwa kulinganisha na 1999 hali ni nafuu, utakuwa umemtukana.

Kaunta Buku

Poleni sana, nisingethubutu. Nilichokuwa napambana nacho ni yale maneno "zamani tulilala milango wazi", sikusudii kusema leo hakuna kitu. Na kusema kweli, 2015 ndiyo iliyofanya wengi wasiamini 2022 mapema. Onyo la kwanza lilipokuja kwenye kundi letu la mtaa nilijibu kwa kicheko. Kipo bado kwenye simu yangu, nimeshindwa kukifuta.

Babu Magomeni Mapipa

Vijana mna kumbukumbu fupi. Mnazungumza panga, sisi tumeishi na bunduki za SMG mchana kweupe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpaka 2006 ilikuwa gari la fedha likipita unatafuta pa kulala. 2006 pale Ubungo Mataa walipopora fedha za NMB, risasi zililia kwenye makutano ya barabara kubwa kuliko zote, watu wakafa, na magari yamesimama kwenye taa. Leo mjukuu wangu anapita pale kwenye mwendokasi anachezea simu. Nikimsimulia anadhani ni sinema.

Lakini na mimi nikiri. Usiku nikisikia hatua dirishani siwazi kwamba zama za SMG zimekwisha. Nawaza hatua.

Mwana Umoja Innercore

Hamjambo huko, mimi ni wa Nairobi.

Hapa kwetu miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili ukiuliza mtu yeyote, atakuambia juu ya magari kunyakuliwa kwa bunduki, matatu kupelekwa kichakani abiria wakavuliwa mpaka viatu, na kupigwa ngeta, yaani kukabwa shingo kwa nyuma, kwa barabara za katikati ya jiji jioni tu. Baba yangu alikuwa anaweka pesa ndani ya soksi na noti ya mia mfukoni ya kuwapa wezi. Ndiyo ilikuwa heshima yao, ukikosa kitu unachapwa. Siku hizi sioni mtu wa soksi. Kinachonyakuliwa ni simu, na boda. Na pesa zenyewe ziko kwa M-Pesa, mwizi wa soksi amekosa kazi.

Ila ukimuuliza mzee kama Nairobi ni salama leo, atakuambia ni mbaya kuliko zamani. Nikamuuliza, baba, na soksi? Akaniambia, "Zamani nilijua wezi wanakaa wapi."

Kaunta Buku

Mwana Umoja, mwambie mzee wako nimeandika maneno yake kwenye jalada la daftari jipya. Hilo ndilo nililokuwa natafuta tangu mwanzo. Ukisoma lile daftari la 1998 wezi wana majina! "Fulani mtoto wa fulani amekamatwa na suruali ya jirani, mama yake ameomba radhi, imerudishwa." Watu waliibiwa zaidi, na aliyewaibia walimjua, na mama yake waliswali naye. Leo ni helmeti na bodaboda isiyo na namba. Ukiibiwa kidogo na mtu usiyemjua unabaki unamwogopa kila anayepita.

Msomi wa Kijiweni

Kuna utafiti wa Afrobarometer, Tanzania wamo tangu 2001, huwa wanauliza mambo mawili tofauti katika dodoso moja: mara ngapi mwaka huu umeogopa uhalifu nyumbani kwako, na mara ngapi umeibiwa nyumbani kwako. Ndiyo namna sahihi. Ukiuliza moja tu ukadhani umejua la pili, unapata mikutano ya mtaa kama ya mleta uzi.

Halafu hakuna aliyetaja "kupuliziwa dawa". Mtaa mzima unaamini wezi wanapuliza dawa dirishani watu wanalala fofofo. Nimeishi Dar miaka 26, kila aliyepuliziwa ni shemeji wa rafiki wa mtu.

Mama Pacha wa Tabata

Msomi, mimi mwenyewe nilipuliziwa 2009. Au nilikuwa nimechoka tu, nilikuwa na mimba ya pacha.

Binti wa Ujiji

Mbona mnaongelea madirisha tu? Mwizi alishahamia kwenye simu. "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." Mama yangu mdogo alikuwa kweli anasubiri kumtumia fundi hela, ujumbe ukaja dakika hiyohiyo, akatuma laki tatu na nusu. Alilia siku mbili. Hakuna mlango uliovunjwa, hakuna mtu aliyepiga kelele za mwizi, hakuna sungusungu.

Tulisajili laini kwa alama za vidole, Januari 2020 wakaanza kuzima zisizosajiliwa, tukadhani yamekwisha. Hayajaisha. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wenyewe kwenye ripoti zao huwa wanataja Rukwa na Morogoro kama mikoa inayoongoza kwa namba za majaribio ya utapeli. Sasa mleta uzi, mama yangu mdogo anaishi Kinondoni, aliyemwibia pengine yuko Sumbawanga. Tukio hilo ni la mtaa gani? Liko kwenye daftari la nani?

Mstaafu wa Zamu

Swali la maana kuliko yote humu. Kwa utaratibu angefungua RB kituo cha karibu na aliko yeye. Namba ya tapeli aitume 15040. Lakini wanaoibiwa hivi wanaona aibu, wanahisi wamejiibia wenyewe. Aliyevunjiwa mlango anapiga kelele, aliyetapeliwa anazima taa analala.

Kaunta Buku

Binti wa Ujiji, halimo. Nimepekua daftari la mwisho lote sasa hivi, hakuna hata tukio moja la simu. Na mimi mwenyewe 2021 nilitapeliwa elfu themanini. Mjumbe wa ulinzi na usalama. Sikuandika.

Kwa hiyo nafuta nusu ya nilichoandika juu. Nyumba kuvunjwa kumepungua kwetu, hilo nasimama nalo. Wembamba wa daftari siutetei tena.

Nimeongea na mwenyekiti. Kuanzia Jumatatu ofisi itakuwa wazi mpaka saa moja usiku, mimi nitakaa Jumatatu na Alhamisi. Simu zilizokwapuliwa, utapeli, vyote naandika, hata ukishakata tamaa ya kuvipata.

Mama Pacha wa Tabata

Saa moja usiku ndiyo saa niliyokwambia sitoki.

Kaunta Buku

Aisee. Basi naanza saa kumi na moja alfajiri? Natania. Dada, wewe ni wa Tabata, lakini wenzako wa huku kwetu ni walewale. Jumamosi saa tatu asubuhi basi, naongeza siku. Waje na kitambulisho. Na kuandikwa ni bure, mtu asiwaombe hata mia ya kalamu.